Nina kazi ya raha Moro, Dar wananipa karibu mara mbili. Niende?

Mwezi huu nusu ya meseji zenu zinahusu kuhama kazi, sijui ni kitu gani kimewapata wote kwa pamoja. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeiacha ndefu kama ilivyokuja manake ukikata kidogo tu maana inabadilika, zile mbili nimezifupisha.

Shikamoo anti,

Mimi ni mama wa miaka 34, niko Morogoro, ni mhasibu kwenye kampuni ya pembejeo, tunauza mbegu, mbolea na dawa za shamba, huu mwaka wa saba niko hapohapo. Mshahara wangu ni milioni moja na laki moja kabla ya makato, posho hakuna. Sasa nimepata ofa Dar, kampuni ya vifaa vya ujenzi iko Mikocheni, wanasema watanipa milioni moja na laki tisa. Kila ninayemwambia ananishangaa, eti bado unafikiria nini, laki nane hiyo unaiacha hivihivi?

Tatizo anti hapa nilipo nina raha. Nakaa Msamvu kwenye nyumba aliyotuachia marehemu baba, niko na mama na mwanangu wa darasa la tatu, kodi silipi, kazini natembea dakika kumi, mchana narudi kula nyumbani. Saa kumi jioni nimefunga vitabu niko njiani. Mzee mwenye kampuni ananichukulia kama binti yake, mtoto akiumwa napiga simu tu, hajawahi kunikata hata shilingi. Ila nyongeza ya mwisho niliipata miaka mitatu iliyopita na ilikuwa elfu hamsini.

Kule Dar kazi ni saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja na nusu, na Jumamosi mpaka saa sita mchana. Wifi yangu yuko Kimara, ameniambia kwa laki mbili na nusu napata vyumba viwili na sebule jirani na kwake. Mume wangu ni dereva wa malori ya Lubumbashi, yeye anasema niende, kwa sababu akiwa anasubiri kupakia bandarini analala Dar siku tano, sita, na hapa Moro anapita usiku tu kunisalimia. Mama yeye amenyamaza, mkimya kweli, na mama yangu akinyamaza najua hajapenda.

Kingine sijui kama kinahusu, Mzee siku hizi haji kila siku, anakuja mwanae anayekaa Dar, anakagua vitabu na kuuliza kwa nini tuko wengi stoo. Mimi elimu yangu ni digrii ya uhasibu, nilianza mitihani ya bodi ya wahasibu nikaishia Intamidieti, mwaka wa nne huu sijaendelea. Na bado nakatwa mkopo wa chuo, bodi ya mikopo. Wanataka jibu ndani ya wiki mbili. Nisaidie anti, usiku silali.

*Mama Abuu, Morogoro*

Anti anajibu:

Marahaba mwanangu. Nianze na hela manake hata hao wanaokushangaa wameanza nayo, na we ni mhasibu, nashangaa kidogo kwamba hesabu ya watu wengine unaifunga kila mwezi ila hii ya kwako hujaifanya kwenye karatasi. Laki nane hiyo haipo. Ngoja nikuonyeshe.

Leo kwenye milioni moja na laki moja, NSSF wanachukua asilimia kumi, 110,000. Inayobaki 990,000 ndo inayokatwa kodi ya TRA, na kwa viwango vya sasa Bara hapo unalipa 125,500. Bodi ya mikopo asilimia 15, 165,000. Mkononi unabaki na 699,500, nadhani slipu yako inasema hivyohivyo. Sasa twende Dar. Milioni moja na laki tisa, NSSF 190,000. Kodi, kwa kuwa umevuka milioni moja kila shilingi ya juu inakatwa asilimia 30, inakuja 341,000. Bodi nao hawalali, 285,000. Unabaki na 1,084,000. Tofauti ni 384,500. Ile laki nane wanayokuimbia, zaidi ya nusu inaishia njiani kabla hujaiona.

Halafu Kimara kodi 250,000. Kwenda na kurudi Mikocheni, mwendokasi mpaka Morocco, ukishuka hapo upande daladala, na siku ya mvua bodaboda kidogo, weka 3,500 kwa siku. Chakula cha mchana ambacho sasa unakula kwa mama bure, kwa mama ntilie na soda usiponunua weka 3,500 nyingine. Siku 22 za kazi hizo mbili zinafanya 154,000, na Jumamosi sijazihesabu. Jumla 404,000. Kwa hiyo mwanangu umehama mkoa, umemwacha mama, umeamka saa kumi na moja alfajiri, na una 19,500 pungufu kuliko ulivyokuwa Msamvu. Hapo hujanunua luku, hujalipa maji, hujamlipa dada wa kumpokea mtoto shule. Na hujamlipa mwenye nyumba miezi yake sita ya mwanzo kwa mkupuo, milioni na nusu hiyo, na dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kukuonyesha mlango.

Najua kuna mtu anasoma hapa anasema si apande SGR, aishi Moro afanye kazi Dar, treni chini ya saa mbili imefika. Nimeipiga na hiyo. Nauli ya kawaida iliyotangazwa treni ilipoanza 2024 ni 13,000, kwenda na kurudi 26,000, mara siku 22 ni 572,000. Inameza nyongeza yote na kuomba zaidi, na bado utoke stesheni mpaka Mikocheni. Treni inafaa kwa kitu kimoja tu hapa, ukiamua kumwacha mtoto kwa bibi na wewe kurudi wikiendi, hiyo ni kama 104,000 kwa mwezi, ila kumbuka Jumamosi unatoka saa sita mchana, mpaka ufike Msamvu jua linazama, na kesho yake jioni unarudi.

Nilikutumia meseji kukuuliza bodi ya mikopo bado unadaiwa ngapi, ukajibu milioni tatu na laki nne. Hii inabadilisha picha kidogo, sitaki kuificha kwa sababu tu inaharibu hoja yangu. Kwa mshahara wa Dar deni hilo linaisha ndani ya mwaka mmoja, kwa mshahara wa sasa ni miezi 21. Likiisha, tofauti ya mkononi kati ya kazi hizi mbili inakuwa 504,500. Na NSSF hela haijapotea, asilimia kumi yako na kumi ya mwajiri, kwa Dar zinaingia 380,000 kila mwezi badala ya 220,000. Kwa hiyo ukiangalia mbali, Dar inalipa. Ukiangalia mwaka wa kwanza, haikulipi kitu, unafanya kazi ya kuwalipa mwenye nyumba na bodi.

Ila bajeti yako na mimi tumeiandika kama vile baba Abuu hayupo duniani. Mwanaume anakwambia nenda Dar kwa sababu akisubiri kupakia atakuwa nyumbani, sawa, nimemwelewa na wala simlaumu, madereva wa malori wanateseka na kulala kwenye kabini. Lakini hiyo nyumba ya Kimara ni ya nani basi? Kama faida ya wewe kuhama ni yeye kulala kwake siku tano au sita kila anaposubiri mzigo, kodi aibebe yeye. Mwambie hivyohivyo, kwa upole, akiwa ameshiba. Akikubali kulipa ile 250,000 hesabu nzima inageuka na mimi nitaanza kusema lugha nyingine. Akianza kusema tutaangalia, tutaona, basi na wewe umeona.

Sasa nije kwenye ile raha. Watu wengi wanaoniandikia wanasema nina kazi ya raha kama vile wanaungama dhambi. Kutoka saa kumi jioni kwenye mji ambao kazi iko dakika kumi kutoka kitandani ni mali, wenzako Dar wangeilipia. Swali langu ni hili, hiyo saa kumi mpaka saa tatu usiku umeifanyia nini miaka saba? Usinijibu kwamba umelea, kulea nimekuhesabia, na mama yupo anakusaidia. Umeniambia mwenyewe uliishia Intamidieti na mwaka wa nne huu hujagusa. NBAA, hiyo bodi yenu ya wahasibu, wanafanya mitihani Mei na Novemba kila mwaka, yaani katika miaka hiyo minne milango imefunguliwa mara nane umeipita. Kwa mhasibu aliyemaliza mitihani hiyo akapata CPA, hawa hawa wa Mikocheni wasingekwambia 1,900,000, au wangekwambia halafu ungewacheka. Na ukienda kuishi Kimara, ukitoka saa kumi na moja na nusu ukafika nyumbani saa mbili usiku ukiwa umebanwa kwenye basi umesimama, niambie utafungua kitabu saa ngapi.

Kwa hiyo raha yako ina thamani kama unaitumia. Kama huitumii, basi kila mwezi unailipia kwa mshahara ambao haujapanda miaka mitatu, na elfu hamsini haiwezi kuitwa nyongeza kwa jinsi vitu vilivyopanda.

Haya, sasa kile kipande ulichosema sijui kama kinahusu. Mwanangu, hicho ndo nilikisoma mara mbili. Nimekaa ofisi za utumishi muda mrefu, mtoto wa mwenye kampuni akianza kuuliza kwa nini stoo kuna watu wengi, anayefuata kuulizwa ni ofisi. Raha yako yote uliyoiorodhesha, kutoka saa kumi, ruhusa ya simu, kutokatwa, hakuna hata moja ya kampuni. Zote ni za Mzee. Akipumzika Mzee zinaondoka naye, na huyo kijana atakukuta wewe ni mhasibu unayetoka saa kumi, yeye hajui ulimtunzia baba yake vitabu miaka saba. Unachoogopa kukipoteza kwa kwenda Dar inawezekana unakipoteza ukiwa umekaa hapohapo.

Lakini hapa sheria inakusaidia kuliko unavyodhani. Ukiwa na miaka saba halafu wakakupunguza, lazima wafuate utaratibu, wakupe notisi, walipe likizo ambayo hujaenda, na kiinua mgongo cha siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, kwako ukitimiza huu wa saba ni siku 49. Na NSSF kuna fao la kukosa ajira kwa aliyeachishwa. Ukiandika barua mwenyewe ya kuacha, kiinua mgongo hicho hakikuhusu na fao hilo pia hulipati. Halafu ukifika Mikocheni, miezi sita ya kwanza ukiachishwa huwezi kwenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, kulalamika kwamba umeachishwa isivyo halali, sheria inaanza kukulinda kwa hilo ukishavuka miezi sita. Yaani miezi hiyo sita upande wenye wasiwasi mkubwa ni ule wa mshahara mkubwa. Watu hawaliangalii hili kabisa, wanaona namba tu.

Na saa zao za kazi nimezihesabu pia, utanisamehe, nikianza siachi. Saa mbili mpaka kumi na moja na nusu ukitoa saa moja ya chakula ni saa nane na nusu, mara siku tano, ongeza nne za Jumamosi, inakuja saa 46 na nusu kwa wiki. Kikomo cha sheria kwa saa za kawaida ni 45. Ile saa moja na nusu ni ovataimu na inalipwa mara moja na nusu. Sasa uliza, wanailipa? Na angalia cheo watakachoandika, manake wakikuandika meneja mwenye watu chini yako anayeripoti moja kwa moja kwa wakubwa, masharti ya saa za kazi hayakuhusu tena, watakukalisha mpaka saa mbili usiku mwisho wa mwezi na hakuna wa kumdai.

Kwa hiyo nifanye nini anti, najua ndo unachotaka. Kwa 1,900,000 hii iliyo mezani, mimi nisingeenda. Waambie kwa heshima kwamba umefurahi, na ili uhame mkoa na mtoto unahitaji milioni mbili na laki nne, na wakulipie kodi ya miezi sita ya kwanza au wakupe hela ya kuhamia. Usiwape maelezo ya mama wala mtoto wala wifi, taja namba unyamaze, kama mama yako anavyonyamaza. Kwa milioni mbili na laki nne mkononi inakuja 1,324,000, ni 624,500 zaidi ya leo, hapo Kimara inalipika na dada wa kazi analipika na unabaki na kitu cha kuweka. Na ikiwa baba Abuu amebeba kodi, basi nenda hata wakikuishia milioni mbili na laki mbili.

Kabla hujasaini chochote, mambo machache. Ofa iwe kwenye karatasi, sio simu wala WhatsApp. Angalia hiyo namba yote ni mshahara wa msingi au wameigawa msingi kidogo na posho nyingi, manake kiinua mgongo kinapigwa kwenye msingi, na posho ni rahisi kuifuta. Bima ina mtoto ndani au ni wewe peke yako. Aliyekuwa kwenye kiti hicho kaenda wapi, kama ni wa tatu ndani ya miaka miwili, kimbia. Halafu siku ukienda, fika mapema umsalimie mlinzi getini, ongea naye taratibu, muulize mshahara hapa unatoka tarehe ngapi. HR atakwambia tarehe 25. Mlinzi atakwambia ukweli.

Na usiandike barua ya kuacha kwa Mzee mpaka mkataba wa Dar una sahihi za pande zote mbili. Wewe ni wa mshahara wa mwezi, notisi yako haipungui siku 28, tena angalia mkataba wako kama umesema zaidi. Ukiondoka bila kuitumikia wana haki ya kukukata hela ya siku hizo.

Wakikataa, baki, ila usibaki kama ulivyokuwa. Jiandikishe mitihani ya Novemba wiki hiihii. Mwombe Mzee nyongeza angali yeye ndo anayesaini, mwambie umepata ofa na umeamua kubaki, kwa Mzee wa aina hiyo hiyo ni heshima kubwa, na mwombe mkataba uandikwe vizuri, saa za kazi ziwemo. Mkataba wenye sahihi ya Mzee, kijana akija hawezi kuamka asubuhi akaugeuza peke yake. Kuhusu mama, mpe hesabu hii asome, au msomee. Nina wasiwasi ule ukimya wake hauhusu kazi, unahusu mjukuu.

Anti habari ya kazi,

Mimi ni mwalimu wa serikali, sekondari, nafundisha fizikia na hisabati, niko Mbeya vijijini, mwaka wa nane. Shule moja ya binafsi mjini inanitaka, wanaongeza mshahara kama asilimia sitini juu ya ninaopata, na nyumba ndani ya shule. Hapa kazi siyo ngumu lakini tumezubaa, mji uko mbali, na hela haitoshi. Nina mkopo wa benki nimebakiza miaka minne. Mke wangu anasema serikalini ni serikalini. Nifanyeje?

*Mwalimu, Mbeya*

Anti anajibu:

Mwalimu, mkeo simpingi moja kwa moja lakini hiyo sentensi yake haina hesabu ndani. Tuanze na kile ulichokitaja kwa maneno machache ukakipita haraka, mkopo wa benki. Mkopo huo umepewa kwa sababu mshahara wako unatoka hazina na makato yanakatwa hukohuko, riba nafuu uliyopewa ni ya mtumishi wa serikali. Ukitoka, benki inaweza kudai salio lote au kukubadilishia masharti. Kwa hiyo kabla hujaongea na mkuu wa shule yoyote nenda tawi lako, chukua mkataba wa mkopo, soma panaposema mkopaji akibadilisha mwajiri, na muombe afisa mikopo akuandikie marejesho yatakuwa shilingi ngapi kwa mwezi ukihamia binafsi. Inawezekana asilimia sitini yote ikaishia hapo.

Pili, makato. Serikalini unachangia PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia tano, mwajiri anaweka 15. Ukienda binafsi unaingia NSSF, wengi wanakata kumi kwako na mwajiri kumi. Jumla ni ileile 20, ila kwako asilimia ya mkato wa pensheni imekuwa mara mbili. Miaka yako nane haipotei, michango ya mfuko mmoja na mwingine inahesabiwa pamoja unapofikia kutafuta ile miezi 180 ya kustahili pensheni, kwa hiyo anayekutisha kwamba utaanza sifuri anakudanganya. Kinachotakiwa ni shule kupeleka michango kweli. Kuna shule zinakata na hazipeleki, waulize walimu waliopo wafungue taarifa zao za michango mbele yako, asiyetaka kukuonyesha ashakujibu.

Swali lingine, wanalipa miezi 12 au wakati wa likizo ya Juni na Desemba mnapumua kwa imani? Na mkataba ni wa muda gani, manake wengi wanatoa wa miaka miwili na kinachoamua kama utaongezewa ni matokeo ya kidato cha nne. Mwaka wanafunzi wakiwa wazito, we ndo unafungashiwa, na nyumba ya shule unaitoka siku hiyohiyo na watoto.

Lakini nikwambie faida yako ambayo huioni. Mwalimu wa fizikia na hesabu anatafutwa kila Januari. Shule hii ikikukosa mwaka huu, mwakani itakuja nyingine, kwa hiyo hakuna haja ya kujibu kwa presha. Ningekuwa wewe ningemuuliza afisa utumishi wa halmashauri kuhusu likizo bila malipo kabla ya kufikiria barua ya kuacha, ningeongea na benki, na kama shule inanipa mkataba wa miaka mitatu na marejesho mapya ya benki hayafiki nusu ya nyongeza, ningekwenda. Kuzubaa ulikokutaja ni ugonjwa kweli, na mwalimu wa hesabu aliyezubaa anaambukiza darasa zima.

Anti mambo,

Niko Mombasa, kampuni ya kutoa mizigo bandarini, mshahara 60,000 za Kenya. Nimepata ofa pahali pengine ya 85,000. Nikaandika barua ya kuacha, bosi akaniita jioni hiyohiyo akasema atanifikisha 85,000 nibaki, na nirudishe barua yangu kufikia Alhamisi. Huku nimezoea, na maboi wote nawajua. Nibaki ama niende?

*Kijana wa Likoni*

Anti anajibu:

Poa kijana. Kwako hesabu ni fupi. Hiyo 25,000 ya ziada, PAYE, kodi ya mshahara, inakula karibu asilimia 30, SHIF ya bima ya afya 2.75, ile ya nyumba 1.5, karibu theluthi imeenda na NSSF bado hawajafika. Lakini makato ni yaleyale ukibaki au ukienda, kwa hiyo doo imetoka kwenye mizani, usiitumie tena kuamua.

Kinachobaki ni kwa nini ulitafuta kazi nyingine. Hujaniambia, na naona ulikwepa. Kama ilikuwa mshahara peke yake, na mengine yote huku uko sawa, baki, hakuna aibu. Kama ilikuwa bosi mwenyewe, au kupigiwa simu usiku meli ikifika, au kukaa cheo kimoja huku wenzako wanapanda, hayo hayajaguswa na nyongeza na mwezi wa tatu utaniandikia tena. Na mimi kuna kitu kinanikera hapo, mtu aliyepata 25,000 ndani ya jioni moja alikuwa nazo muda wote, uliponyamaza alinyamaza nazo.

Ukiamua kubaki, usirudishe ile barua kwa maneno ya mdomo. Akupe barua ya mshahara mpya, imeandikwa unaanza mwezi gani, ina sahihi yake na muhuri, ndiyo na wewe uondoe ya kwako, palepale, mkono kwa mkono. Akisema subiri mwezi ujao tuone, notisi yako ya siku 28 iendelee kutembea. Na wale wa ofa wapigie leo leo, wasikusubiri mpaka Alhamisi bila habari, Mombasa kazi za bandarini mnajuana nyote na utahitaji hiyo namba tena.